Miguu ya Kurudi

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu nyumbani ilikuwa kurudi. Watoto wengine walichota maji na kuanika samaki kwenye mchanga wa ziwa. Hayo nami niliyafanya, lakini mwaka ninaousimulia hapa, mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vilipowaka tena upande wa pili wa Ziwa Mweru, nilipewa kazi ambayo mpaka leo sijasikia mtoto mwingine amepewa. Mama Mudogo akitoka, nilitoka naye. Akisahau kitu njiani, nilirudi mimi kukichukua, naye alinisubiri akiwa amesimama palepale, uso mbele. Kambo aliipa kazi hiyo jina. "Weye ni miguu yake ya kurudi," aliniambia. "Yeye iko na miguu ya kwenda tu."

Kambo alikuwa mama mzaa baba. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa mtu mzima, kabla sijazaliwa, akajenga nje kidogo ya Nchelenge, mahali ambapo njia inaliacha ziwa na kuelekea mlimani. Wazazi wangu waliuza samaki Mansa, na mimi walinikabidhi kwake. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili cha ng'ambo, nje Kibemba. Mama Mudogo aliitwa Chanda. Alikuwa Mbemba wa ufukweni hapahapa, mke wa Baba Mudogo, kitinda mimba wa Kambo. Kiswahili chake alikiokota sokoni kwa wanunuzi wa samaki, na Kibemba hakikuchoka kuchungulia ndani yake. Yeye alimwita Kambo "Ba Kambo", akamwitikia "mukwai", kwa heshima ya kwao, na nikimkumbuka leo namsikia kwanza kwa hilo.

Mama Mudogo alikuwa na mimba, na mwanamke mwenye mimba ana miiko. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mwiko wa kusongea bukari, yaani ugali, na mwiko wa kukatazwa ni kitu kimoja, kwa sababu Kambo alikataza mambo huku ameshika mwiko. Mwenye mimba hasimami mlangoni, mtoto asije akasimama naye mlangoni siku ya kuzaliwa. Hafungi fundo shingoni. Zaidi ya yote, akishaanza safari hageuki katikati. Akigeuka, mtoto naye, siku yake ikifika, ataanza njia na kugeuka. Wabemba nao wana mwiko huo, kwa hiyo katika nyumba yetu hapakuwa na wa kumcheka mwenzake.

Mama Mudogo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mtoto wake wa kwanza alianza njia na kugeuka. Uchungu ulikuja, ukakatika, ukakaa kimya mpaka kesho yake, na uliporudi mtoto alitoka bila sauti. Baadaye, katika kutafuta sababu, Mama Mudogo alikumbuka kwamba aliwahi kutoka kwenda sokoni, akafika nusu ya njia, akageuka kuchukua kitambaa chake cha kichwa. Hakuna aliyemshtaki. Alijishtaki mwenyewe, na tangu hapo sikumwona amefunga kitambaa.

Sasa, mtu anajuaje kwamba amefika, ili arudi bila kuhesabiwa kuwa amegeuka? Kambo alikuwa na jibu. "Kufika ni kupita mulango," alisema. Kanisani kuna mlango, kliniki kuna mlango. Soko halina, kwa hiyo Mama Mudogo akimaliza kununua alipaswa kuingia katika duka la chumvi, kusimama ndani kidogo, kisha kutoka. Mwenye duka alituzoea, na Mama Mudogo kwake alikuwa Ba Mayo, yaani mama. "Haya, Ba Mayo anakuja kusalimia mulango wangu," alisema, "chumvi yangu haimupendezi, anapenda mbao." Mama Mudogo alicheka pamoja naye, lakini hakuacha kuingia.

Ziwa nalo halina mlango. Hapo ndipo alipobanwa. Baba Mudogo alikuwa amevuka na sabuni na chumvi kwenda kuuza Kongo, kama alivyozoea, na nyuma yake vita vikaanza na mitumbwi ikakatazwa kupita. Wiki zilipita bila neno. Wanawake wengine waliokuwa na watu ng'ambo walishuka ufukweni kila jioni, wakaangalia maji, wakarudi. Mama Mudogo hakuweza. Kutoka nyumbani kwetu ziwa halionekani, miti inalificha. Tulilisikia tu siku za upepo. Alikaa uani akilisikiliza, tumbo likikua, na kila njia ya kushuka ziwani iliyoanza mbele ya nyumba ilikuwa na mwisho usio na mlango. Nilikuwa mtoto, lakini niliona jinsi alivyotembea kutoka jiko hadi nyumba na kutoka nyumba hadi jiko, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Ndipo aliposikia kwa wanawake wa kuni habari za kilima. Wabemba wanakiita lupili tu, yaani mlima, kwa kuwa upande wetu hakuna kingine cha kuitwa hivyo. Juu yake kuna mwamba, libwe kwa Kibemba, na mvua ikiwa imesafisha hewa, ukisimama hapo unaona ziwa lote, kisiwa cha Kilwa, na Kongo.

"Ba Kambo," alisema asubuhi moja, "nataka kwenda ku lupili."

Kambo alikuwa anapepeta unga. "Kilima haina mulango."

"Njia inazunguka, mukwai. Inapanda na huku kwetu, inapita pa libwe, inashuka na kule ku barabara. Sitageuka hata kidogo. Nitatokea kule, na nitaingia hapa nyumbani na mbele."

"Nani anakuambia inazunguka?"

"Banamama ba kuni banapita kila siku."

"Na pale juu utaona nini?"

"Mayi."

"Mayi hata hapa mu mutungi iko."

"Ba Kambo..."

Kambo aliweka ungo chini. Nadhani aliipitia ile njia kichwani, kupanda na kushuka, akitafuta mahali ambapo ingemgeuza mtu. Hakupaona. Aliinua mwiko uliokuwa juu ya sufuria akauelekeza kwenye tumbo la mkwewe.

"Bon. Kama inazunguka, zunguka. Lakini usikie miye muzuri. Ukigeuka kati ya njia, naye atageuka." Kisha akanielekezea mimi. "Na weye unajua kazi yako."

Tuliondoka umande ukiwa bado kwenye majani. Njia ya kilima si kali, hata mzee mwenye pumzi anaipanda, ila inapanda bila kupumzisha mtu. Mwanzoni inapita kwenye mashamba ya mihogo, kisha inaingia msituni, katikati ya misuku na mipundu, na baadaye kwenye miti mirefu ambayo chini yake kuna giza la kijani. Mvua zilikuwa zimeanza, uyoga ulikuwa umetoka, na Mama Mudogo alinituma pembeni kuuchuma, kwa sababu kutoka njiani na kurudi njiani ilikuwa kazi yangu. Alikuwa mchangamfu. Sikumbuki kumwona hivyo mwaka ule wote. Tulikutana na mwanamke aliyeshuka na mzigo wa kuni, akamwangalia tumbo, akasema kwa Kibemba kwamba heri yeye aliyebeba mzigo wake kichwani, jioni atautua. "Na miye nitautua," Mama Mudogo alimjibu, "lakini wako hautakuita mama." Walicheka wote wawili, na mwanamke akaendelea na njia yake. Kumbe tungemuuliza jambo moja tu, alikotoka, tungejua kwamba alishuka na upande huuhuu wa kwetu kwa sababu upande wa pili haukupitika. Hatukuuliza. Ninapoisimulia habari hii katika ukoo, wengine husema kwamba yule mwanamke hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mtu wa kawaida, na kuni zake zilikuwa za mubanga.

Tulifika kwenye mwamba jua likiwa limepanda. Katikati yake kuna nguzo fupi ya saruji waliyoiacha wapima ardhi wa zamani. Mama Mudogo aliishika nguzo ile kwa mikono miwili, akaangalia.

Ziwa lilikuwa jeupe. Kisiwa cha Kilwa kililala juu yake, na nyuma kabisa Kongo ilikuwa mstari tu, kana kwamba mtu amepitisha kidole chenye masizi. Kwenye ukingo wa kisiwa tuliona mitumbwi. Ilikuwa mingi, imevutwa nchi kavu, midogo kama mbegu za tikiti zilizotemwa. Juu ya maji hapakuwa na hata mmoja.

Tulisubiri tuone mmoja ukisogea. Nilitaka usogee, ili nimwonyeshe. Hakuna uliosogea.

"Na beye banafungwa," alisema mwishowe, kwa sauti ya kawaida, yaani hata wao wamefungwa.

Nikamwuliza kama Baba Mudogo yuko kisiwani au bado yuko Kongo.

"Mwana, kama ningejua, ningekuja huku kufanya nini?" Kisha akasema, "Labda yeye naye anaambiwa asigeuke."

Tulikuwa tumeelekeza nyuso ziwani, na mvua ilitujia kwa nyuma, kutoka nyanda za juu. Tuliisikia kwenye majani kabla haijatugusa. Haikuwa kubwa kwetu, ila kule ilikotoka ilikuwa imenyesha kwa nguvu, labda tangu usiku. Tukaanza kushuka upande wa pili.

Upande ule njia inateremka polepole mpaka kwenye korongo. Sisi watoto wa huku tulilijua, lina kijito ambacho kiangazi unakiruka, na masika kuna gogo la kuvukia. Tulilisikia korongo kabla ya kuliona. Maji yalikuwa mekundu, yamejaa mpaka kwenye mizizi ya miti ya ukingoni, na gogo halikuwepo mahali pake. Niliona ncha yake chini, limekwama katikati ya mawe, maji yakipita juu yake.

Tulijaribu kuufuata ukingo kwenda juu, tukakuta mwamba ulionyooka kama ukuta. Tulijaribu kwenda chini, vichaka vikatuzuia, na korongo likazidi kuwa pana. Kila mara tulirudi njiani kwa kujikunja pembeni, Mama Mudogo akipiga hatua za ubavuni kama kaa, ili asiipe njia mgongo. Leo ningeweza kucheka. Siku ile nilikuwa nahesabu kichwani ni kitu gani kinahesabiwa kuwa kugeuka na ni kipi hakihesabiwi, na niliogopa kukosea hesabu.

Aliketi juu ya mzizi, uso kwenye maji. Mvua ilituloweka. Nyuma yetu njia ilikuwa wazi, njia ileile tuliyoipanda tukicheka. Mbele yetu maji. Sijawahi tena kuona mtu aliyefungwa na njia iliyo wazi.

"Mama Mudogo," nilisema, "tugeuke tu."

"Usitaje ile neno."

"Kambo haoni."

"Na huyu?" Aliweka mkono tumboni. "Huyu naye haoni? Niligeuka mara moja, Mwila. Juu ya kitambaa." Alisema hivyo bila kulia. "Juu ya kitambaa tu."

Nilimwona anatetemeka kwa baridi. Nilijua pia kwamba akisema atakaa hapo, atakaa, mvua inyeshe au isinyeshe, kuche au kusikuche, na kwamba kilichokuwa tumboni mwake kilikuwa kimebakiza wiki chache kukamilika. Naye alikuwa ameyafikiri hayohayo.

"Nenda," aliniambia. "Weye uko na miguu ya kurudi. Mwambie Ba Kambo maji inajaa. Mwambie niko hapa." Nilipokuwa nimeshaanza kupanda aliniita bila kugeuza kichwa. "Mwambie sikugeuka!"

Nilikimbia. Nilipita mwamba bila kuangalia ziwa. Nilianguka kwenye majani yenye utelezi, uyoga wote ukamwagika, nikauacha. Nilimkuta Kambo jikoni, nikamweleza, na nikaongeza yangu, kwamba yeye ndiye aliyeutoa ule mwiko, basi aniambie neno la kumpelekea Mama Mudogo ili arudi. Nilikuwa na haraka ya neno hilo tu. Lingekuwa jepesi kulibeba.

"Nimwambie nini? Kwamba haiko kitu?"

"Ndiyo, Kambo."

"Neno nilisema asubui, nilimeze muchana?" Alisimama, akishika magoti yake. "Na siku ya uchungu nikimwambia sukuma, usiogope, atanisadiki juu ya nini?"

Alitoka nje akazunguka jiko. Niliposikia panga linakata nilidhani anakata fimbo ya kutembelea. Nilipotoka nilimkuta ameushika mlango wa jiko, ameung'oa.

Wajukuu wa siku hizi husimulia kwamba ulikuwa mlango wa mbao wa nyumba kubwa, na kwamba aliubeba kama Samsoni alivyobeba malango ya mji. Si kweli. Ulikuwa mlango wa matete uliofungwa kwa kamba za maganda ya mti, mweusi kwa moshi, na mwanamke yeyote angeweza kuubeba. Kambo aliuweka kichwani. Mimi alinipa panga, kamba, na mihogo ya kuchoma aliyoifunga kwenye kitambaa.

Mwanzoni mwa njia tulikutana na mwanamume aliyesukuma baiskeli yenye kapu la samaki. Alituangalia, akasimama.

"Kambo, munahama?"

"Ninahamisha mulango," Kambo alimjibu bila kupunguza mwendo. "Nyumba itafuata."

Hakuwahi kupanda kilima kile, na magoti yake yalikuwa mabaya. Kila tulipofika kwenye mzizi mkubwa alikaa, mlango ukiwa bado kichwani, akapumua, akaniambia "twende" kabla sijatulia. Hakusema lingine. Tulipofika kwenye mwamba mvua ilikuwa imekatika na ziwa lilikuwa wazi kuliko asubuhi. Nilimwambia, "Kambo, angalia, ni kule." Mlango ulikuwa umemfunika macho mpaka kwenye pua. Hakuuinua. Alipita kama mtu anayepita nyumba ya watu wasiosalimiana naye.

Mama Mudogo alikuwa juu ya mzizi uleule. Hakuwa amegeuza hata shingo.

"Ba Kambo?"

"Ni miye. Usigeuke kwanza."

Kambo alimpita, akasimama kati yake na maji. Alikata miti miwili mibichi, akaichimbia kwenye udongo laini katikati ya njia, akaufunga mlango wa jiko kwenye mmoja wao. Nyuma yake aliegemeza matawi, akatandaza kitenge chake juu ya matawi hayo. Kilikuwa kibanda ambacho watoto wangekionea haya. Kisha aliingia ndani, akakaa chini, akavuta mlango ukafungika. Hatukumwona tena. Tulisikia maji tu.

Mama Mudogo alisimama mbele ya mlango ule. Aliuangalia kwa muda. Nadhani alitambua masizi yake.

"Odi," alisema.

"Nani?" aliuliza Kambo kutoka ndani.

"Ni miye, Chanda."

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani, mukwai."

"Karibu."

Aliinama akaingia. Mimi niliingia nyuma yake, na sisi watatu tulijaa humo ndani magoti yakigusana. Kambo alifungua kitambaa akatoa mihogo. "Mutu akifika anakula," alisema, na alimwangalia mpaka alipomaliza. Aliuliza habari za nyumbani kwake, za mume wake. Mama Mudogo alisema mume wake yuko ng'ambo, hawajapata habari. Kambo akasema, "Pole. Na wangu mutoto iko kule." Waliongea hivyo, mtu na mwenyeji wake, kana kwamba hawakulala chini ya paa moja, na ndiyo mara pekee niliyomsikia Kambo akisema kwa kinywa chake kwamba naye anamngojea mwanawe.

"Umefika?" aliuliza mwishowe.

"Nafika, mukwai."

"Bon. Basi wende kwenu, jua isikushikie njiani."

Tulitoka mlangoni, tukalipa korongo mgongo, tukaanza safari mpya kwenda nyumbani. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nilirudi kuung'oa mlango. Kambo alinikataza.

"Iache. Ukiibeba, haikuwa nyumba. Ilikuwa mchezo."

Masika yale yote jiko letu halikuwa na mlango. Mbwa wa jirani aliingia akala samaki waliokuwa juu ya kichanja, na Kambo, ambaye kwa kawaida angemfuata mwenye mbwa mpaka kwake, alisema tu kwamba mbwa naye amefika.

Siku ya uchungu ilikuja. Ulianza alfajiri, tukaenda kliniki, akapita mlangoni bila kusimama. Mchana uchungu ukakatika. Kambo alikuwa ndani pamoja naye, na mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, ambapo hapakuwa na mtu wa kunifukuza. Nilisikia ule ukimya, na niliujua ni ukimya gani, kwa sababu nilisikia habari za ule wa kwanza. Kisha nikamsikia Mama Mudogo anauliza, taratibu sana.

"Ba Kambo. Niligeuka?"

"Ulifika," alisema Kambo. "Miye mwenyewe nilikukaribisha."

Uchungu ulirudi kabla ya jua kushuka. Mtoto alikuwa wa kike, na alitoka na kelele. Kanisani ana jina lake, lakini nyumbani mama yake alimwita Chibi, yaani mlango kwa Kibemba, na mpaka leo hajui kuitika jina lingine. Baba yake alirudi ziwa lilipofunguliwa, amekonda, akamkuta ameshajua kukaa. Ndiye aliyelitengenezea jiko mlango mpya.

Sisemi kwamba mlango wa matete ndio uliomzalisha Mama Mudogo. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba uchungu unaweza kukatika na kurudi wenyewe, na wauguzi wameniambia hivyo. Lakini nimefikiri mara nyingi kuhusu lile neno nililotaka kulibeba mchana ule, lile jepesi, kwamba haiko kitu. Kama Kambo angenipa, Mama Mudogo angerudi nyumbani mapema akakauka. Na siku ile nyingine, katika ule ukimya, angeuliza swali lilelile, na jibu lingetoka katika kinywa kilichowahi kusema neno na kulimeza.

Nimefikiri pia kuhusu Kambo mwenyewe. Aliishi Nchelenge mpaka mwisho, na tumemzika hapa. Katika miaka yote hiyo, mtu akimwuliza kama ameshazoea Zambia, alijibu kwamba yuko njiani. Watu walidhani anatania. Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili, na aliipita kila siku, lakini nadhani hakuna mtu aliyewahi kukaa ndani yake kwanza na kumwambia karibu.

Mwaka jana nilipanda kilima pamoja na Chibi, kwa njia ileile ya kuzunguka. Korongoni sasa kuna daraja la mbao. Kabla ya daraja nilimwonyesha mahali penyewe. Mlango ulioza zamani, wanawake wa kuni waliutumia kujikinga mvua mpaka ukaisha. Kati ya ile miti miwili mibichi aliyoichimbia Kambo, mmoja ulioza, na mmoja ulichipua. Umekuwa mti mzima, umesimama katikati ya njia, na watu wanapita kila upande wake.

Chibi aliuzunguka, akaushika. Aliniuliza ndani ilikuwa upande gani.

Habari hii naijua kila sehemu yake, na nimewasahihisha watu wazima kwa ajili yake. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Niliangalia mti, nikaangalia upande wa maji na upande wa nyumbani, na ilinibidi nifikiri kabla ya kumjibu kwamba ndani ilikuwa pale Kambo alipokaa.